Mwaka Pipa Lilipooshwa

Misao alipoolewa Hinotani, kwenye milima ya Awa, hakujua kwamba chai inaweza kuwa chachu na watu wakaifurahia. Kwao ni Kawane, kando ya Mto Oi, ambako chai ni ya kijani na huchumwa wakati wa machipukizi, jani changa kwa jani changa, kwa ncha za vidole. Mchumaji anayevuta kwa nguvu huulizwa kama amezoea kukatia ng'ombe majani. Mama yake alikuwa na mgahawa mdogo uliowalisha wajenzi wa bwawa, na mmoja wa wajenzi hao, kijana mrefu mwenye maneno machache, alikuwa harudi kazini mpaka ale mochi za mama huyo, vile vitonge vya mchele uliotwangwa vinavyogaragazwa kwenye unga wa soya na sukari. Wenzake wakachoka kumsubiri. "Norio, si uoe tu," wakamwambia, "utazila bure." Akaoa.

Siku alipoingia Hinotani, mavyaa wake, Bi Shigeno, alimkaribisha kwa kikombe kikubwa cha chai ya rangi ya majani makavu na kipande cha uiro, ile keki yetu ya mvuke ya unga wa mchele na maharage mekundu. Misao akaanza na chai. Uchachu ukambana mashavu. Wazo lililomjia kwanza ni kwamba amepewa chai iliyochacha makusudi, kwamba hawa watu hawamtaki. Lakini alikuwa amelelewa, kwa hiyo akainywa yote mpaka chini, na hapo ndipo alipokosea, maana kwetu kikombe kitupu ni ombi. Shigeno akamjazia. Akamaliza, akajaziwa. Tumbo likawa ngoma, na bado hakuna aliyemwambia kwamba dawa ni kubakisha kidogo.

"Huyu anaipenda!" akasema Tatsuyo, jirani wa nyumba ya chini, aliyekuja kumtazama bibi harusi na hakuwa na haraka ya kuondoka. "Shigeno, shoga yangu, umepata mnywaji. Pipa lako halitatosha."

"Mwache anywe," Shigeno akajibu. "Kwako angekunywa nini, maji ya kulowekea soksi?"

Ndivyo wanavyoongea hawa wawili, na asiyewajua angedhani wanagombana. Kila nyumba ya bonde hili ina pipa lake la chai, na kila nyumba inaapa kwamba pipa la jirani linatoa maji ya miguu. Mzee Jinpachi, baba yake Norio, ndiye aliyekuwa bingwa wa viapo hivyo. Alikuwa akisema mbele za watu kwamba hatakunywa chai ya Tatsuyo hata akifa, na Tatsuyo akimjibu kwamba hajamkaribisha.

Ilimchukua Misao muda kuelewa kile alichokuwa akinywa. Akagundua kidogo kidogo kwamba ukiuma uiro kwanza, utamu ukakaa ulimini, halafu ukashushia chai, ule uchachu unakuja kama mtu wa kufagia, unausafisha mdomo na kuuacha ukitaka tena. Na viazi vitamu vya kukaushwa juani, ambavyo kwao wangevila na chai ya kijani vikawakwama kooni, hapa vilishuka vizuri. Hata hivyo, chini ya nguo zake kabatini alikuwa ameficha kopo la chai ya Kawane alilopewa na mama yake. Siku akibanwa na upweke alikuwa akilifungua, ananusa, analifunga. Kuinywa hakuthubutu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini mkaza mwana hana ruhusa ya kuonyesha zake mapema.

Majira ya baridi yaliyofuata, mzee Jinpachi akafa. Waliokuja matangani walikuwa wengi, wakanywa chai yote ya nyumba ile hadi vumbi la mwisho. Hakuna aliyehuzunika kwa hilo. Chai mpya ingetoka kiangazi, kabla ya Obon, siku ambazo wafu hurudi kuwatembelea walio hai, na hiyo ndiyo ingekuwa Obon yake ya kwanza, mara ya kwanza kwa mzee kurudi nyumbani akiwa marehemu. Marehemu wa mwaka wa kwanza huwekewa chai mpya ya pipa lake mwenyewe. Utamnyima mtu vyote, hilo humnyimi.

Macho ya Shigeno yalikuwa yameingia ukungu, na kabla ya mavuno alishuka mjini kwa dada yake ili akatazamwe na daktari. Norio alikuwa msituni anakata miti. Misao akabaki peke yake na nyumba, na mkaza mwana aliyebaki peke yake na nyumba hutafuta kazi itakayoonekana.

Akaingia bandani, akaliona pipa. Lilikuwa la mbao za mwerezi, refu kumfika kifuani, jeusi ndani, limeganda utando, linanuka siki na kitu kingine asichokuwa na jina lake. Yule ni mtoto wa Kawane. Kule chai hunyonya harufu yoyote iliyo karibu. Mama yake aliwahi kumrudisha nyumbani mchumaji aliyekula kitunguu saumu asubuhi. Misao akalitazama pipa akamwonea mavyaa huruma. Masikini, macho hayaoni tena, hajui kwamba pipa limefikia hali hii! Atarudi amechoka halafu ainamie humu ndani asugue?

Basi akalisugua yeye. Alichemsha maji kwenye tangi la kuogea, akayamwaga, akatia sabuni ya unga, akasugua kwa brashi ngumu mpaka kucha zikauma, akasuuza, akarudia. Kisha akalibiringisha uani, akaliacha juani likauke siku baada ya siku. Mbao zikarudi rangi ya asali. Akajisikia vizuri kuliko siku yoyote tangu aolewe, na ninapofika hapa katika habari hii huwa natamani kumshika mkono. Wema wake ndio uliomponza. Majani ya chai yetu hayachachi yenyewe. Kinachoyachachusha kinaishi ndani ya mbao, mwaka hadi mwaka, tangu mababu, nacho hakina rafiki anayeitwa sabuni.

Shigeno alirudi na kitambaa kwenye jicho moja. Akasimama uani mbele ya pipa. Akalipapasa ndani, akanusa kiganja chake, akanusa tena.

"Mama, nimelisafisha," akasema Misao. "Ili usihangaike."

"Naona," akasema Shigeno. "Linang'aa."

Akaingia ndani, akakaa mbele ya picha ya mumewe, hakutoka mpaka wali wa jioni. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na Misao, ambaye hakujua kosa lake, alijua tu kwamba amekosa.

Hata hivyo wakavuna. Shigeno alikuwa na tumaini kwamba kwenye nyufa za mbao kumebaki chochote. Hapa mti wa chai hauchumwi, unavuliwa nguo. Unafunga vidole kwa kitambaa, unakamata tawi, unavuta majani makubwa yote mpaka mti ubaki uchi. Wakayachemsha kwenye sufuria kubwa, wakayafikicha, wakayashindilia pipani kwa mchi, wakafunika kwa majani ya mgomba, wakamimina yale maji ya kuchemshia, wakapanga mawe juu. Kazi ya mawe alikuwa akiifanya mzee. Safari hii waliyabeba wanawake wawili, mmoja haoni vizuri, mwingine hali vizuri kwa wasiwasi.

Siku ya kufungua walikuwa wao wawili tu. Shigeno aliinua jani la mgomba, na kabla hajasema neno harufu ilikwisha sema. Haikuwa siki. Ilikuwa tope la bwawa lililokauka. Majani yalikuwa meusi, yanateleza, yameota ukungu kama manyoya.

"Limekufa," akasema Shigeno.

Hapo ndipo alipomweleza, polepole, bila kupandisha sauti, kilichokuwa kikiishi ndani ya mbao. Misao alisikiliza mpaka mwisho, akapiga magoti kwenye udongo wa bandani, akaomba radhi mpaka paji la uso likagusa chini. Shigeno akasema, "Inuka, utachafua nguo."

Harufu haina mipaka. Jioni hiyohiyo Tatsuyo akaja amebeba bakuli la chai yake mpya, amelifunika kwa taulo.

"Mpe mzee wako hii," akasema. "Atajuaje?"

"Atajua. Aliapa hatainywa hata akifa."

"Si ameshakufa?"

"Ndiyo maana. Kiapo ndiyo kwanza kimeanza kazi."

Tatsuyo akacheka, halafu akaacha. Alipokuwa akitoka alimkuta Misao kisimani, akamwambia kwa sauti ya chini, nusu mzaha, nusu si mzaha, "Mwanangu, jiandae. Enzi za bibi yangu, mkaza mwana aliyeua pipa la nyumba alirudishwa kwao na godoro lake. Na Kanzo anakuja Obon. Yule mtu ni wa enzi za bibi yangu."

Kanzo alikuwa mdogo wake marehemu, na kwa kuwa mzee hayupo, neno lake katika ukoo ndilo lilikuwa zito. Norio asingempinga, Norio hakuwa mtu wa kumpinga hata mbwa. Misao akakunja nguo zake usiku ule akazifunga kwenye kitambaa. Mume alimpenda, nyumba aliipenda, hata ile chai alikuwa ameshaipenda, na ndiyo aliyoiua. Alilia akiwa ameuma ukingo wa shuka ili asisikike.

Asubuhi Shigeno akamkuta anakoka moto, macho yamevimba.

"Lile kopo lako bado lipo?"

Misao akaacha kuchochea moto. "Kopo lipi, Mama?"

"Nina macho mabovu, pua sina shida nayo. Lilete."

Likaletwa. Shigeno akalifungua, akavuta harufu ndefu, akakunja uso. "Nyasi mbichi," akasema. "Haya. Kwenu mnakunywa na kitu gani?"

"Mochi za unga wa soya, Mama."

"Basi kaloweke mchele. Mume wangu hatakaa mbele ya kikombe kitupu."

Wakafanya kazi siku nzima bega kwa bega. Shigeno alikaanga soya, akazisaga, jikoni kukanukia karanga; Misao akatwanga mchele. Ugomvi ulitokea kwenye maji tu. Shigeno alitaka majani yachemshwe kwenye birika mpaka yakome, kama tunavyofanya sisi.

"Hapana, Mama, yataungua! Maji yapoe kwanza."

"Yapoe? Mtu ametoka ahera, nimpe chai ya vuguvugu?"

"Ndivyo inavyotaka."

"Ina maringo chai yenu," akasema Shigeno, lakini akasubiri, amekunja mikono, akilitazama birika kwa jicho lake zima kama mtu anayelinda mwizi.

Kanzo alifika na mkewe na binamu wachache, amevaa suti nyeusi kwenye joto lile, amebeba sanduku la vile vipande vya sukari laini ya bondeni vilivyokandamizwa kwenye vibao vilivyochongwa maua. Norio alikuwa ameshuka kutoka msituni, amekaa kwenye kona, magoti pamoja. Kanzo akachoma ubani, akapiga kengele, akainamia picha ya kaka yake. Kisha akakitazama kikombe kilichokuwa mezani pa marehemu, na shingo yake ikabaki palepale.

"Hii ni nini?"

"Chai," akasema Shigeno.

"Chai ya kijani? Kama maji ya bwawa? Iko wapi chai ya pipa?"

"Pipa limekufa, shemeji."

Binamu wakatazama mikeka. Kanzo akageuka polepole kwa magoti, akamwelekea Misao aliyekuwa mlangoni na sinia la mochi.

"Limekufa vipi? Pipa la baba yangu, la babu yangu? Linakufa mwaka ambao nyumba imepata mkaza mwana kutoka nchi ya chai ya kijani? Nimesikia habari huko chini, Shigeno, mimi si mtoto. Nimesikia lilioshwa kwa sabuni. Aliyeliosha hana kazi katika nyumba hii. Arudi kwao, na leo Norio yupo, tulimalize."

Norio akafungua mdomo, kikatoka kikohozi. Misao akaweka sinia chini. Alikuwa ameamua kusema mwenyewe, ni mimi, nisameheni, nimeshafunga mzigo. Akapiga magoti, akavuta pumzi.

"Ni mimi," akasema Shigeno.

"Wewe nini?"

"Nililiosha mimi."

"Wewe? Umelipakia majani na kaka yangu tangu sina ndevu!"

"Macho, shemeji." Akakigusa kitambaa cha jicho. "Nilishika kitu chenye utando, nikakiona cheusi, nikadhani pipa la achari. Nikamwaga sabuni. Huyu mtoto alikuja mbio kunizuia, tayari nilikuwa nimesuuza."

Misao akataka kusema, na mkono wa mavyaa, uliokuwa karibu na paja lake, ukamfinya hata akameza neno na mate pamoja.

"Kwa hiyo unirudishe kwetu," akaendelea Shigeno, mnyenyekevu kuliko yeyote alivyowahi kumwona. "Umesema aliyeosha arudi. Godoro langu liko pale. Ila kwetu wameshakufa wote, shemeji, sijui utanikabidhi kwa nani. Labda kwako."

Mke wa Kanzo akainua upepeo akaficha mdomo. Kanzo akawa mwekundu, akajipangusa shingo, akasema hakuwa na maana hiyo, kwamba macho ni jambo la bahati mbaya, kwamba mtu hachagui macho.

"Na hiyo ya kijani?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

"Kaka yako alizaliwa bonde hili akafia bonde hili, hajawahi kupanda treni. Leo amekaa anakunywa chai ya Kawane. Mwache naye atembee kidogo. Kula mochi, shemeji, zitakauka."

Kanzo akala. Unga wa soya ukamwagika kwenye suti yake nyeusi, naye akala ya pili bila kuupangusa. Akanywa ile chai, akanywa tena, akasema ni chungu kidogo mwanzoni lakini baada ya utamu inafaa. Misao akamjazia kila alipomaliza, maana naye hakuna aliyemwambia kubakisha.

Kutwa ile na siku iliyofuata Misao hakupata nafasi ya kumshukuru mavyaa. Kila alipomsogelea, Shigeno alimpa chombo cha kubeba. Mzigo wake aliufungua mwenyewe, akarudisha nguo kabatini, hakuna aliyemuuliza.

Asubuhi ya kuwaaga wafu, wakashuka mtoni wawili. Norio alikuwa amemsindikiza baba yake mdogo kwenye basi. Shigeno akapiga magoti kwenye mawe, akaweka majini jani la mgomba lenye vidonge vya mchele na kipande cha uiro cha njiani. Akafunga mikono, akaanza kumpa mumewe habari kama alivyokuwa akimpa kila jioni alipokuwa hai, kwa sauti, bila kujali aliye karibu.

"Nenda salama. Nyumba iko sawa, paa linavuja kulekule. Mwakani nitaomba maji ya pipa kwa Tatsuyo ili letu lianze upya, na utayanywa utake usitake, kwa hiyo anza kuzoea." Jani lilikuwa bado limekwama kwenye jiwe. "Na juzi nimewadanganya ndugu zako mbele yako. Wewe sikudanganyi. Pipa lako hakuliosha mwingine ila huyu binti yetu. Usimkasirikie. Alidhani ananipunguzia kazi. Miaka yote niliyokaa kwako, mume wangu, tangu mama yako akiwa hai, hakuna mtu aliyewahi kunioshea hata kikombe."

Akanyoosha mkono, akalisukuma jani, mto ukalichukua.

Misao akalia, safari hii hakuuma kitu. Alilia kwa sauti hadi mwangwi ukamrudia kutoka ng'ambo.

"Utamaliza kulia nyumbani," akasema Shigeno akijaribu kuinuka. "Njoo unishike. Mawe haya yanateleza, na mimi sioni ninapokanyaga."